Tufaha Alilolitema Mzee Zefania

Tufaha la akiba halionjwi mtini.

Ndivyo alivyosema shangazi yenu jana tulipokuwa tukipukuchua mahindi, nanyi mkacheka, mkaniuliza ni tufaha gani hilo lisiloonjwa mtini, ilhali ninyi mapichi ya jirani mnayamalizia juu ya matawi na kokwa mnazitemea chini. Methali hii ilianza hivi, na mwenye mwanzo mwingine aje anibishie nikiwa hai, asingoje nizikwe ndipo ajifanye mjuzi.

Zamani, kabla lami haijafika Njombe, katika kijiji cha Luhangwa aliishi mjane mmoja aitwaye Ezelina Mlowe. Watu walimwita Mama Vaileti, kwa jina la binti yake wa pekee. Luhangwa iko juu kabisa mlimani, kule ambako Julai ukisahau ndoo ya maji nje, asubuhi unayakuta yameganda. Viazi vinastawi, ngano inastawi, na watu wake hawavui sweta hata wakicheza ngoma.

Nyuma ya nyumba ya Mama Vaileti palikuwa na mti mmoja mkubwa wa matufaha. Bibi yake ndiye aliyeuleta. Alipewa kijiti na mtunza bustani wa misheni, akakipandikiza kwenye shina la mche mwingine, akakifunga kwa kitambaa na kukifunika kwa udongo wa mfinyanzi, kikashika. Ilikuwa aina ya zamani, ambayo siku hizi huioni sokoni, maana wafanyabiashara wanataka tunda la kuliwa leo leo. Mwishoni mwa Februari matufaha yale yalikuwa makubwa, mashavu mekundu, yananing'inia kwa madaha. Ukiyatazama, mate yanakutoka. Lakini ukiliuma moja siku hiyo, meno yanalia na ulimi unakunjamana, kwa ugumu wake na kwa uchachu wake.

Mama Vaileti alijua namna ya kuishi nayo. Aliyachuma moja moja, akilibeba tunda kwa kiganja na kulizungusha taratibu mpaka lijiachie lenyewe pamoja na kikonyo chake. Lililoanguka halikuwekwa; hilo lilichemshwa siku hiyo hiyo kwa asali, likaliwa na uji wa ulezi. Yaliyo mazima aliyalaza juu ya mabua ya ngano katika chumba chenye giza na baridi, yasigusane, wala yasikae karibu na vitunguu. Kila Jumamosi aliyakagua, na lililoanza kuoza alilitoa haraka. Halafu alingoja. Machi ikapita, Aprili na mvua zake, Mei, Juni. Julai, wakati bustani za wengine hazina kitu isipokuwa umande, yeye alikuwa na matufaha laini, ya manjano, matamu hata watoto wenye kikohozi walisahau kukohoa. Ndiyo maana kwao yaliitwa matufaha ya akiba.

Sasa sikilizeni habari ya desturi, kwa sababu bila desturi hakuna kisa. Watu wa vijiji vile walikuwa na jambo waliloliita kuonja bustani. Posa ikishapelekwa, upande wa mvulana ulimtuma mzee mmoja kwa kina binti. Haji kuzungumza. Anaingia bustanini kwa mama wa binti, anachuma kwa mkono wake kitu chochote anachokipenda, anaonja mbele ya watu. Akimeza, uchumba umekubalika. Akitema, kila mtu anarudi kwao. Wenye nyumba hawaruhusiwi kusema neno mpaka amalize, wasije wakamwelekeza kwenye kizuri. Na alichokichuma chote ni chake, lazima akifikishe kwake, hawezi kukitupa njiani, maana huko ni kuitukana nyumba. Wazee walisema maneno ya posa yanaweza kutiwa asali, lakini karoti haijui kudanganya.

Msiniulize kama ilikuwa desturi ya busara. Ilikuwepo, na watu walioana nayo.

Vaileti alikuwa amependana na kijana wa Kitole, kijiji cha chini kidogo, jina lake Onesmo. Walijuana mashineni, kwenye foleni ya kusaga. Vaileti alikuwa msichana wa kusema: akikuona umeruka foleni, mashine nzima itajua. Onesmo alikuwa kinyume chake. Alikuwa mchapakazi, mpole, mwenye macho mazuri, lakini mbele ya wakubwa ulimi wake ulijua maneno mawili tu, "ndiyo" na "baba mkubwa". Baba yake alifariki mapema, akalelewa na kaka wa baba, Mzee Zefania Nyagawa. Vaileti alimpenda hivyo hivyo, na yeye Onesmo alimpenda Vaileti hata akawa anapeleka mashineni mahindi ambayo nyumbani hayakuhitajika.

Na Mzee Zefania huyo ndiye aliyekuwa mwonjaji wa ukoo.

Aliupenda ulimi wake kuliko mashamba yake. Alisema akionja ulanzi, pombe ya mianzi, anaweza kukuonyesha mwanzi uliogemwa. Akionja asali anakutajia mzinga. Mara moja msibani alionja mchuzi wa kuku, akaweka kijiko chini, akasema, "Kuku huyu ameibwa." Watu wakashangaa, wakachunguza, ikawa kweli, na kuku mwenyewe alikuwa wake. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwambia kitu juu ya ladha.

Siku ya kuonja ilipangwa mwishoni mwa Februari. Mama Vaileti alikuwa amezimwagilia karoti, amesafisha tuta la njegere, na chini ya mti wa plamu alifagia mpaka ardhi ikang'aa, akiamini kuwa mgeni atavutwa huko, kwani plamu za mwisho zilikuwa zimeiva vizuri. Wageni wakafika: Mzee Zefania mbele, amevaa koti lake zito la jeshi lenye mifuko mirefu, mke wake Odeta nyuma yake, kisha Onesmo, kisha majirani wa pande zote mbili waliokuja kwa sababu ya chakula.

"Kamwene," akasalimu Mzee Zefania.

"Kamwene," wakaitika, na baada ya hapo wenyeji wakafunga midomo kama desturi ilivyotaka.

Mzee akaingia bustanini. Akapita karoti. Akazitazama njegere kama mtu anayemtazama mdogo wake. Akasimama chini ya plamu, Vaileti akaacha kupumua, mzee akasema, "Plamu ninazo kwangu," akaendelea. Kisha akaona mti wa matufaha.

Kule Kitole hawakuwa na matufaha. Walikuwa na mapichi na plamu, matunda ambayo yakiwa mekundu yameiva na yakiiva yanaliwa, basi. Mzee Zefania akasimama, akavua kofia.

Mama Vaileti akakohoa.

Mzee akachuma moja, akaligeuza kwenye jua. Mama Vaileti akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Mzee akatia lile tufaha mfukoni, akachuma jingine, na jingine, macho yake yakila kabla ya mdomo. Mfuko wa kulia ukajaa, akahamia wa kushoto, kisha wa ndani. Koti likavimba. Mama Vaileti alikohoa hata jirani mmoja akamletea maji. Ndipo mzee akachagua lililokuwa kubwa kuliko yote, akalipangusa kwenye shati, akawageukia watu wote wamwone, akauma.

Kwanza ulisikika mlio. Halafu uso wa Mzee Zefania ukaanza kusafiri. Jicho moja lilifumba, lingine likakataa kufumba. Masikio yakasogea nyuma. Alijaribu kutafuna, kwa maana alikuwa mtu mwenye heshima zake, lakini taya liligoma katikati. Akazunguka nusu duara na kutema, na kipande kikaangukia mbele ya jogoo. Jogoo akakidonoa mara moja, akatikisa kichwa, akaondoka akitembea upesi.

Hakuna aliyecheka. Kutema ni kutema.

"Nyumba hii," akasema Mzee Zefania alipopata tena ulimi wake, "imenuna mpaka miti yake. Mti mkali, mama mkali, na binti atakuwa mkali. Sisi tumemaliza."

Sasa Mama Vaileti aliruhusiwa kusema. "Mzee wangu, hilo ni tufaha la akiba. Linalazwa ndani mpaka Julai ndipo liliwe. Ulichoonja wewe bado ni mtoto mchanga."

"Mama, nina wajukuu. Leo nifundishwe na mti mwezi wa kufungua mdomo?"

"Si mti, ni mimi ninayekueleza."

"Na mimi ninakueleza kuwa nimetema."

Vaileti akamtazama Onesmo. Watu wote wakamtazama Onesmo. Hata mama mkubwa wake, Odeta, alimgusa kiwiko, maana desturi ilimruhusu mvulana kuomba mwonjaji aonje kitu cha pili. Ilikuwa sentensi moja tu: "Baba mkubwa, naomba uonje tena." Onesmo akafungua mdomo, akaufunga, akatazama viatu vyake.

"Twende, Onesmo," akasema mzee.

"Ndiyo, baba mkubwa."

Wakaondoka, na chakula kikabaki, jambo ambalo majirani hawakulisamehe kwa muda mrefu. Walipofika mbali, Vaileti akamgeukia mama yake. "Mama! Ungemwambia! Ungeanguka hata chini ujifanye umezimia!"

"Nilikohoa mwanangu mpaka kifua kikauma."

"Alidhani una mafua!"

Vaileti akaingia ndani, akalia, na alipotoka alikuwa amekwisha kulia na kuanza kukasirika. Kwa yule mzee hakuwa na hasira kubwa. Aliyemchoma moyo alikuwa yule aliyetazama viatu.

Huko Kitole, Mzee Zefania alivua koti lake, likaanguka kwa kishindo kama mfuko wa viazi. Odeta akatoa matufaha. Desturi ilikuwa imekwisha kutimizwa, yalishafika nyumbani, kwa hiyo akatupa manne kwa nguruwe. Nguruwe, mnyama asiyejua kukataa, aliuma moja, akaliacha, akaenda kukaa pembeni ameipa mgongo familia nzima.

"Yaliyobaki niyapeleke wapi, Baba Tito?" Odeta akamuuliza mumewe.

"Yafukie popote, mradi nisiyaone."

Odeta akayalaza ghalani kwenye mabua ya ngano ya mwaka uliopita, kwenye kona ya giza, akarudi jikoni na kuyasahau. Wala hakujua kwamba hakuna pahali pazuri zaidi ambapo angeweza kuyaweka.

Miezi ikaenda. Onesmo akaendelea kulima, kukata kuni, kukamua ng'ombe na kuitikia, ila akawa hali chakula. Anachota tonge, analiangalia, analirudisha. Odeta alimwona anavyokonda, akamwambia mumewe, na mumewe akasema dawa ya binti ni binti. Akamtafutia mwingine, binti wa Mzee Ngole, hapo hapo Kitole, ambaye mama yake alikuwa na kabichi za kusifika. Siku ya kuonja ikapangwa katikati ya Julai. Onesmo alipoambiwa, alisema, "Ndiyo, baba mkubwa," kisha akaenda nyuma ya zizi, akakaa huko na ng'ombe.

Wiki moja kabla ya siku hiyo, Mzee Zefania aliingia ghalani kuchukua mabua ya kutandikia kuku. Akasimama mlangoni. Kulikuwa na harufu. Kwa ulimi mtu anaweza kujisifu kwa uongo, lakini pua ya mzee yule ilikuwa pua kweli. Akanusa kulia, akanusa kushoto. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba mke wake ameficha asali. Akapiga magoti, akafukua mabua kwa mikono miwili, na huko chini akayakuta matufaha, ngozi imekunjamana kidogo, wekundu umegeuka manjano, vidole vikinata.

Aliyatambua. Akasonya, akataka kuondoka. Lakini kidole kilichonata kikaenda mdomoni chenyewe, kama vidole vinavyofanya, na mzee akabaki ameinama pale pale. Akatazama mlango. Akachukua moja. Akauma.

Enyi wajukuu zangu, mzee yule alikaa chini. Alikaa juu ya mabua, miguu ameinyoosha kama mtoto, akala tufaha lile lote, na mbegu zake, na kikonyo akakinyonya. Kisha akafuta ndevu, akatoka, akamwambia mkewe kuwa ghalani kuna panya, na kwamba kuanzia sasa atawashughulikia mwenyewe.

Kuanzia hapo akawa adui mkubwa wa panya. Asubuhi anaenda kuangalia panya. Jioni anaenda kuangalia panya. Odeta alimpa paka, akamrudisha, akasema paka huyu atawatisha. Mzee alijua vizuri alichokuwa anafanya. Alijua pia kuwa akisema neno moja, posa ya Luhangwa itafufuka, na watu wote watajua kwamba ulimi wa Zefania Nyagawa umekosea hadharani. Kwa hiyo akanyamaza na kula. Mtoto wa ndugu yake alikuwa anakonda upande huu wa ukuta, naye upande wa pili ananenepa. Mimi jambo hilo bado linaniudhi mpaka leo.

Siku ya kwenda kwa Mzee Ngole ikafika. Onesmo alivaa suti ya kuazima, suruali fupi, akasimama uani kama mtu anayepelekwa polisi. Odeta alikuwa amejifunga kitenge kipya. Mzee hayupo.

"Baba Tito!" akaita Odeta. "Baba Tito, tunachelewa!"

Akamwambia Onesmo, "Njoo tumtazame kwenye panya wake."

Wakasukuma mlango wa ghala. Mzee Zefania alikuwa nyuma ya rundo la mabua, amevaa koti lake la jeshi tayari kwa safari. Mkononi alikuwa na nusu ya tufaha la mwisho. Nusu nyingine ilikuwa mdomoni, mashavu yamevimba pande zote mbili, na maji ya tunda yanashuka kwenye ndevu.

Odeta akatazama tufaha. Akatazama shimo kwenye mabua. Mwanamke yule hakuhitaji kuelezwa.

"Panya," akasema.

Mzee akatikisa kichwa. Hakuweza kusema.

"Baba Tito, tunda hilo ulilichuma wapi?"

Akanyoosha mkono hewani, kuelekea mahali popote.

"Kwa Mama Vaileti. Kwa mkono wako mwenyewe. Na sasa liko mdomoni mwako, na hapa tupo mashahidi wawili, mimi na Onesmo. Haya. Meza au tema."

Macho ya mzee yakatoka. Alitoa sauti iliyomaanisha kwamba kuonja kulikwisha Februari.

"Hakukwisha. Tunda ni lile lile, mti ni ule ule, ulimi ni huo huo uliowatajia watu kuku. Ukitema, tunakwenda kwa Mzee Ngole sasa hivi wala sisemi tena. Ukimeza, tunapanda Luhangwa. Mimi nasubiri."

Basi hapo ndipo palipokuwa na vita. Mzee alisimama na utamu wote ule mdomoni. Kuutema alishindwa, kwa sababu ulikuwa wa mwisho na hakuna mwingine mpaka mwakani. Kuumeza ni kukiri. Alimtazama mkewe, mkewe hakupepesa. Akamtazama Onesmo katika suti ile ya kuazima iliyomning'inia mabegani, na nadhani ndipo alipomwona kwa mara ya kwanza tangu Februari, jinsi shingo ilivyokuwa nyembamba. Mzee Zefania alikuwa na majivuno, lakini hakuwa na moyo wa jiwe. Akafumba macho. Kooni kitu kikapanda, kikashuka.

"Limeingia," akasema kwa sauti ndogo.

Odeta akapiga vigelegele hata kuku wakaruka. Mtu akatumwa kwa Mzee Ngole kuomba radhi, na kwa nilivyosikia, binti yake alizipokea habari zile akiimba, kwani naye alikuwa na wake mashineni. Hao watatu wakapanda Luhangwa katika baridi ya Julai.

Walimkuta Mama Vaileti uani amesimama chini ya mti wake. Julai ndio mwezi wa kupogoa matufaha, na mti ulikuwa hauna jani hata moja. Mzee Zefania hakungoja kukaribishwa. Alivua kofia, akasema mbele ya majirani, ambao walitokea haraka kwa kuwa hawakuwa wamesahau kile chakula:

"Mama Vaileti, nilikosa. Tufaha la akiba halionjwi mtini. Mimi nilionja mtini, nikaitukana nyumba yako. Leo nimeonja lililolazwa, na nimemeza. Nimemeza yote, kusema kweli. Nimekuja kumchukua mkwe wetu."

Mama Vaileti alikuwa ameshaanza kutabasamu, mikono imeenda hewani tayari kwa kushangilia, sauti ikatoka juu.

"Shikamoo, baba."

Wote wakainua vichwa. Vaileti alikuwa mtini, ameketi kwenye panda ya tawi, msumeno mkononi, amejifunga kanga kiunoni juu ya sweta mbili.

"Marahaba, mwanangu," akasema mzee. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba, na nimekusamehe. Wewe ulikosea tunda tu." Akamgeukia kijana mwenye suti. "Onesmo. Siku ile nilikutazama, ukatazama chini. Kulikuwa na nini huko chini?"

Onesmo akajibu, "Viatu."

"Vilikuwa na nini?"

"Tope."

"Tope," akasema Vaileti. "Miezi mitano nimejiuliza, kumbe lilikuwa tope." Majirani wakaangua kicheko, na Onesmo akawa mwekundu kuliko matufaha ya Februari. Lakini Vaileti hakucheka. "Baba, mwonjaji wenu amemeza, nami sikatai. Ila huyu bado mgumu. Kama mama alivyotufundisha, kigumu hakitupwi wala hakiliwi, kinalazwa. Acheni tuone mpaka ngano ivunwe. Mkimwona amelainika, nitashuka."

Mama Vaileti akashika kiuno. Odeta akaziba mdomo kwa kitenge. Mzee Zefania, ambaye hakuzoea kuambiwa jambo na mtu aliyekaa juu yake, akavaa kofia kwa hasira.

"Basi tumekwisha sikia. Onesmo, twende nyumbani. Ngano ikivunwa tutaleta watu."

Vaileti alirudi kwenye tawi lake, akaweka msumeno, lakini hakukata. Ngazi aliyopandia ilikuwa ya miti, imeegemea shina, na mguu mmoja wa ngazi ulikuwa juu ya udongo laini, ukizama.

"Hapana, baba mkubwa," akasema Onesmo.

Mzee akageuka. "Umesemaje?"

"Nimesema hapana." Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka. Akavua koti la suti ya watu, akalikunja vizuri, akampa mama mkubwa wake alishike. "Ninyi tangulieni. Mimi nabaki hapa nishike ngazi."

Akaenda, akaishika kwa mikono miwili, viatu vyake vikaingia topeni wala hakuvitazama. Alitazama juu. Mzee Zefania alifungua mdomo amkaripie, akatafuta maneno, na watu wote wakaona anatafuna kitu ambacho hakikuwepo. Mwishowe akasema, "Shika vizuri basi, usije ukamwangusha," akashika njia ya Kitole, Odeta akimfuata kwa kicheko.

Walioana baada ya mavuno ya ngano. Msifikiri Onesmo alibadilika siku ile ile akawa msemaji. Alikuwa mgumu mwaka wa kwanza, na wa pili pia. Vaileti alipata kuwaambia majirani kwamba kumtoa neno yule bwana ni kazi kuliko kung'oa kisiki. Lakini kila Julai walipogoa mti pamoja, na Februari walichuma, wakalaza, wakangoja. Walipokuwa wazee, walikuwa wakikaa jikoni jioni na tufaha moja, Onesmo analikata, nusu kubwa anampa mkewe. Vijana wanaokuja kuchota moto wakimkuta bado anazungumza, maana uzeeni alikuwa na maneno tele, walimuuliza Vaileti mzee huyu alimpendea nini, kama kweli zamani alikuwa bubu kiasi kile. Vaileti alimeza kwanza alichokuwa anatafuna, akamtazama mumewe kwa jicho la pembeni, akawajibu:

"Tufaha la akiba halionjwi mtini."